Pointi ya Tisa

Tiketi yangu ilikuwa ya kwenda Dar es Salaam. Nilipanda treni Mbeya mwaka tisini na mbili, nikiwa na begi la turubai, cheti cha kidato cha nne na cheti cha upigaji chapa. Nilikuwa na miaka thelathini na minane na nilikwisha kuacha kazi mahali saba. Sikufukuzwa hata mahali pamoja. Nilikuwa tu mtu ambaye akishazoea njia ya kutoka chumbani hadi ofisini huanza kuulizia nauli. Kisha nikifika mahali papya naanza kukumbuka kule nilikotoka mpaka chakula hakishuki.

Tulishuka milima, tukapita kwenye mahandaki ambayo watoto waliyahesabu kwa sauti, na mwanga uliporudi tukawa juu ya bonde lenye maji kila upande. Mlimba treni ikasimama. Mvua ilikuwa imekula tuta la reli mbele yetu, na wanaume walikuwa wakijaza mawe. Tulikaa pale siku nzima na nusu ya siku ya pili. Nilikula wali na kambale kwa mama mmoja ambaye mara ya tatu aliniuliza kama nimehamia.

Kwenye benchi la stesheni nilikaa karibu na mzee mwembamba aliyevaa suti ya kaunda. Suti hiyo ilikuwa na mikunjo ya pasi kana kwamba yeye hakupanda treni moja na sisi. Miguuni pake palikuwa na boksi.

"Usiweke mguu hapo, bwana. Hizo ni stensili."

"Samahani. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ikikunjwa moja imeharibika."

"Na ikipigwa jua nta inalegea. Tulisogeze kivulini."

Akanigeukia mwili mzima. "Unazijua stensili?"

"Nimezikata miaka kumi, huku na kule."

"Huku na kule ndiyo wapi?"

Nikamtajia: Songea, Njombe, Makambako, Tunduma, na nyingine.

"Wanakufukuza?"

"Hapana, mzee. Naondoka."

"Kwa sababu gani?"

"Sijui."

Aliniangalia kama daftari lenye madoa. "Maneno mangapi kwa dakika?"

Huyo alikuwa Mwalimu Lyanga, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari iliyokuwa na kidato cha tano na cha sita, nje kidogo ya Ifakara. Mpiga chapa wao alikuwa ameolewa akahama. Treni ilipofika Ifakara tukashuka wawili, boksi tumelishika huku na huku. Tiketi ya Dar sijaimaliza hadi leo.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mliobaki katika ofisi ile, ambao sasa mnabonyeza kitufe na karatasi inatoka. Barua ya kuniachisha kazi iliniita mtu aliyepunguzwa kazini. Mimi najiita mstaafu, kwa sababu ni neno ambalo unaweza kulitaja mbele ya watu.

Ofisi yangu ilikuwa chumba kati ya stoo na chumba cha walimu, na ukuta wa upande wa walimu ulikuwa wa ubao, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Mashine ya taipu ilikuwa na herufi "a" iliyokaa chini ya mstari kama mtoto aliyechuchumaa. Kukata stensili, kwa msiojua, unaondoa utepe wa wino ili herufi zikate nta zenyewe. Ukigonga kwa hasira, tumbo la "o" linadondoka, na kwenye karatasi linatoka doa jeusi. Ukigonga kwa huruma, haitokei kitu. Kosa likitokea unalipaka dawa ya rangi ya waridi inayonuka kama rangi ya kucha, unapuliza, unasubiri, unagonga tena juu yake. Kisha unavika stensili kwenye mashine ya kudurufu na kuzungusha mkono. Siku yangu ya kwanza nilidurufu nakala mia mbili za ratiba ya muhula nikiwa nimeivika stensili kinyume. Mwalimu Lyanga aliishika moja mbele ya dirisha, akaisoma yote kutokea nyuma, kisha akasema, "Jumatano umekosea kipindi cha nne." Nikajua nimepata mwalimu.

Alikuwa mtu wa kanuni. Shamba lake la mpunga lilikuwa Katindiuka, na wakati majirani walimwaga mbegu kwa mkono, yeye alipanda kwa kamba, mstari kwa mstari, na watu walisimama njiani kumcheka. Alinifundisha kupanga pambizo kwa rula kabla ya kugusa mashine, na kusoma ukurasa mzima kabla ya kuupiga. "Usipige neno usilojua limetoka wapi," aliniambia wiki ya kwanza. Kama ningelishika hilo moja tu, nisingekuwa na la kuandika leo.

Mwaka wa tatu alikuja Mwalimu Felista, kijana, mzaliwa wa Mahenge, ambaye hotuba zake za fasihi zilisikika hadi jikoni. Noti zake ziliniletea tabu ambayo sijaisahau. Aliandika nyuma ya bahasha, kwenye karatasi ya kufungia sukari, mara moja kwenye kipande cha kalenda. Mishale ilitoka mstari wa tatu ikapanda juu ikazunguka pembeni. Nilipomlalamikia akasema, "Bwana Gervas, mawazo hayaji kwa foleni." Lakini msidhani alikuwa mlaini. Katika kusahihisha mitihani, mzee wa rula ndiye aliyetafuta nusu alama ya kumwokoa mtoto. Felista alipita na kalamu nyekundu kama mtu anayefyeka njia.

Wawili hao waligawana kidato cha sita. Katika sehemu ya nadharia za fasihi kulikuwa na mada moja waliyoigombea kila mwaka: tofauti kati ya mtazamo wa urasimi mpya na ule wa ulimbwende, ambao kwa wanafasihi si urembo bali ni kufuata hisia. Kila mmoja alisema mwenzake anaipotosha. Mwaka tisini na nane wakakubaliana jambo la ajabu. Litengenezwe jedwali moja, safu mbili. Mzee Lyanga aandike safu ya urasimi mpya, Felista aandike ya ulimbwende, na hakuna atakayegusa safu ya mwenziwe.

Safu ya Lyanga ilifika kwanza, pointi tisa, kila moja imepigiwa mstari. Nyingine nazikumbuka kwa kichwa. Kwamba mrasimi mpya huamini akili, na hisia huzipa kiasi. Kwamba binadamu ni yule yule kila mahali na kila enzi, kwa hiyo mwandishi hujifunza kwa waliomtangulia na kufuata kanuni zao. Kwamba macho yake yako kwenye jamii na mwenendo wake mjini. Kwamba kazi ya sanaa ni kufunza kwa kupendeza. Na ya tisa: kila mtu ana nafasi yake katika mpangilio wa dunia, na hekima ni kuijua nafasi hiyo na kuikaa.

Za Felista zilifika kwenye bahasha mbili. Mlimbwende huanzia moyoni. Hutafuta kile ambacho mtu mmoja amekiona na mwingine hakukiona. Huenda mtoni na msituni, humsikiliza mtoto na mkulima, hutumia maneno yao, na umbo la shairi huliacha likue kama mmea unavyokua. Zilikuwa nane. Zilipaswa kuwa tisa, lakini Felista alikwenda kwao Mahenge msibani, na mvua zikafunga njia. Mzee Lyanga alitaka jedwali Jumatatu.

Ijumaa ile mchana nilikaa mbele ya stensili. Safu ya kushoto ilikuwa imejaa hadi chini. Ya kulia ilikuwa na kisanduku kimoja kitupu, kama pengo la jino la mbele. Mpiga chapa hawezi kuliangalia pengo kama hilo kwa muda mrefu. Nilisoma tena ile ya Lyanga juu ya mtu na nafasi yake. Ilinichoma kidogo, sijui kwa nini, au najua. Nikaondoa utepe na kugonga kwenye kile kisanduku: *Mlimbwende hana kwao, kwao ni kule anakokwenda.*

Ilikaa vizuri. Nilizungusha mkono, nikatoa nakala thelathini na tano, nikaenda kula.

Mnaojua shule zetu mnajua kilichofuata. Noti iliyopigwa chapa haijadiliwi, inakaririwa. Watahiniwa walikuwa thelathini na mmoja, na zilibaki wiki sita kufika mtihani wa taifa ulipofanyika mtihani wa majaribio wa shule. Lyanga na Felista walisahihisha pamoja, upande wa pili wa ukuta wangu wa mbao.

"Mzee Lyanga," nilimsikia Felista, "sentensi yako ina mvuto, lakini ungeniuliza kabla ya kuingia kwenye safu yangu."

"Sentensi ipi?"

"Hii ya mlimbwende hana kwao. Wameiandika wote."

"Mimi nilidhani ni yako. Nimekuwa nikiipa sifuri huku nikiona aibu."

Viti viwili vikasogea kwa pamoja.

"Bwana Gervas," alisema Lyanga akiwa mlangoni, "umeitoa kitabu gani?"

"Sikuitoa kitabuni, Mwalimu."

"Umeitoa wapi?"

"Ilikuja tu."

"Ilikuja tu!" Felista alicheka mara moja, bila furaha. "Wanaosahihisha mtihani wa taifa wana mwongozo mkononi. Hii haimo. Na kwa jinsi ilivyokaa mwishoni, kila mtoto ameifanya hitimisho la insha yake. Unaelewa ulichofanya? Mzee Lyanga, aondoke leo. Mimi sitaki kumwona karibu na stensili."

Ilikuwa haki yake. Juni nilikuwa naondoka hata hivyo, kwa sababu kompyuta na mashine ya kutoa kopi vilikwisha kufika na barua yangu ilikuwa mezani. Nilirudi chumbani kwangu Mlabani, nikaliteremsha begi la turubai kutoka juu ya kabati. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu siku zote. Mahali saba niliondoka bila kujua mambo yaliishaje.

Mzee Lyanga alifika kwa baiskeli kabla sijafunga zipu. Hakuingia.

"Mkuu wa Shule amesema uamuzi ni wetu sisi walimu wa somo. Felista anataka uende. Mimi nimesema mtu haondoki na kosa lake bichi. Analirekebisha, ndipo anaondoka. Huo ndio utaratibu."

"Nitalirekebishaje, Mwalimu? Limeshaingia vichwani."

"Kesho saa nane utaingia darasani uwaambie wenyewe. Baada ya hapo utakata jedwali jipya. Na kila alasiri hadi mtihani utakaa ofisini, na mtoto yeyote akija utamsikiliza akieleza mada hii kwa maneno yake mwenyewe. Akikariri, mrudishe nyuma."

"Mimi nimeishia kidato cha nne."

"Ndiyo maana. Wewe hutaelewa mpaka waeleze vizuri."

Kesho yake nilisimama mbele ya kidato cha sita, Felista amekaa nyuma amekunja mikono. Niliwaambia kwamba pointi ya tisa upande wa kulia haikutoka kwa mwalimu wala kitabuni.

Kijana mmoja wa mbele akauliza, "Kwa hiyo ni ya kwako?"

"Ni ya kwangu."

"Mbona ndiyo nzuri kuliko zote!"

Darasa likaangua kicheko, nami nikakosea, nikatabasamu.

"Nzuri haina alama," alisema Felista kutoka nyuma. Kicheko kikakatika.

Msichana mmoja hakucheka tangu mwanzo. Aliitwa Adelina, kwao Mlimba, binti wa mkulima wa mpunga, mkubwa kuliko wenzake kwa sababu alikuwa akirudia mtihani. Alinifuata ofisini saa kumi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Mimi nimeyakariri yote hadi nukta. Mwaka jana nilikosa kidogo tu. Baba amesema safari hii nikikosa nabaki shambani, na akisema hivyo huwa harudii. Sasa nataka unitoe hiyo sentensi kichwani. Wewe ndiye uliyeiweka."

Nilimwambia akae. Nikamwomba anieleze urasimi mpya bila kutumia neno hata moja la kwenye jedwali. Akaanza kutoka pointi ya kwanza, neno kwa neno.

"Hapana. Nieleze kama unavyomweleza baba yako."

"Baba hawezi kuniuliza hilo."

"Je, akiuliza?"

Ilichukua siku nne. Siku ya tano alisema, "Ni kama Mwalimu Lyanga na kamba yake shambani. Anaamini kuna namna iliyo sahihi, na kwamba yeye si wa kwanza kuitafuta. Na mpunga wake ni mzuri, mjomba, hata wanaomcheka wanajua." Nikampa kikombe cha chai. Ulimbwende ulituchukua siku nyingi zaidi, maana kila alipofika mwisho ile sentensi ilijitokeza yenyewe, naye aliweka mkono mdomoni kama mtu aliyepiga mbweu mbele ya wakwe.

"Ina kasoro gani hasa?" aliniuliza siku moja kwa hasira.

"Mwalimu Felista amesema haimo kwenye mwongozo."

"Hiyo siyo kasoro. Hiyo ni bahati mbaya. Nauliza kama ni kweli au si kweli."

Nilikuwa nimeishi miaka arobaini na minne nikiiamini, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Wengine nao walikuja, watano, kumi, wakikaa hadi kwenye mifuko ya stoo. Wiki ya tatu Felista alipita, akasimama mlangoni kumsikiliza kijana yule wa mbele akieleza kwa nini mlimbwende humpenda mtoto. Alimsahihisha mara mbili. Kesho yake alileta kiti chake. Wiki ya tano alinikabidhi noti za kidato cha tano, zote kwenye karatasi moja safi, zimenyooka, kisha akasema, "Usizoee." Huo ndio ulikuwa msamaha wangu, na nimepewa mingine yenye maneno mengi isiyofika hapo.

Walifanya mtihani Mei. Hatukuruhusiwa kusogea, na karatasi zao hazirudi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua walichoandika. Adelina aliondoka kwenda Mlimba siku ileile. Juni nilikabidhi funguo, mashine mbili, boksi moja la stensili ambazo hakuna aliyezihitaji, na chupa ya dawa ya waridi nusu.

Nilikuwa huru kwenda nilikotaka, na ndipo nilipogundua kwamba siwezi. Mzee Lyanga hakuniuliza chochote. Alinipa mundu tu. Nilivuna mpunga naye Katindiuka mwezi mzima na zaidi, nikilala kwenye banda lake la shambani, na kila siku ya pili niliendesha baiskeli hadi shuleni kuangalia ubao wa matangazo. Vijana wa ofisi mlinitania kwamba nimepunguzwa lakini sijui kupungua. Mlikuwa na haki.

Matokeo yalibandikwa asubuhi moja ya Agosti. Felista alikuwa amesimama mbele ya ubao na kidole chake kikishuka polepole. Watatu walikuwa wamekosa. Kijana yule wa mbele alikuwa mmoja wao, na hadi leo sijui kama ni sentensi yangu au ni mambo yake mwenyewe. Nalibeba hilo. Waliobaki walipita. Kwenye jina la Adelina kidole kilisimama: Kiswahili alipata daraja la pili kutoka juu, zuri kuliko wote.

"Ameandika nini yule mtoto?" Felista alijiuliza kwa sauti. Kisha akanipa mkono. "Sasa nenda, Bwana Gervas. Umekawia."

Nilimuaga Mzee Lyanga shambani. Aliniambia nisome kila ukurasa kabla ya kuupiga. Nikamkumbusha kwamba sipigi tena. "Usome hivyo hivyo," akasema, akarudi kwenye mpunga wake. Kama katika maisha yangu nimefundishwa na mtu, ni yeye, na sikumwambia, kwa hiyo nalisema hapa.

Treni ya alasiri ilichelewa kama kawaida. Nilikuwa jukwaani na begi langu ilipoingia kutoka upande wa Mlimba, na mtu wa kwanza kushuka alikuwa Adelina, anakuja kuchukua hati yake ya matokeo shuleni. Aliniona, akaangalia begi, akaelewa.

"Unaenda wapi, mjomba?"

"Bado sijaamua. Hongera sana. Uliandika nini?"

"Niliandika ile yako."

"Adelina!"

"Niliiandika mwanzoni kabisa, kwamba kuna mtu aliwahi kusema hivi. Kisha nikaandika kwa nini si kweli. Kurasa mbili na nusu."

"Si kweli kwa nini?"

"Panda, itakuacha."

Nikapanda, nikasimama mlangoni. "Si kweli kwa nini?"

"Kwanza, asiye na kwao hawezi kukumbuka kitu, na mlimbwende kazi yake ni kukumbuka. Mto anaouimba ni mto mmoja, siyo mito yote. Pili, mtu hasafiri ili asiwe na kwao. Anasafiri kwa sababu akiwa mbali ndipo anapaona vizuri. Wewe mwenyewe, mjomba, kila tulipokunywa chai ulikuwa unatusimulia Njombe, na ukiwa Njombe nina hakika ulisimulia kwingine, na huko unakokwenda utawachosha watu kwa habari za hapa."

Filimbi ikapigwa. Behewa likajongea.

"Tatu," alisema, akianza kutembea sambamba na mlango, kitenge amekishika mkononi, "kama hana kwao, mbona kila shairi lake ni barua? Barua inaandikwa kwa nani?" Akaongeza hatua, akaanza kukimbia kidogo, watu wakimpisha na mizigo yao, naye bado anaeleza, kidole juu kama mwalimu, nami nimejiinamisha nje nisikose hata neno, mpaka jukwaa likaisha.